Dole Gumba la Deodata

"Hivi wewe mama Tecla, gunia tupu unalifua kama shuka la altare, limekupa nini?"

Jirani mmoja wa kule Kibimba, wilayani Ngara, aliuliza hivyo miaka mingi iliyopita, ameegemea uzio wa minyaa, huku mama mtu akisugua mfuko wa mbolea ndani ya karai. Mama hakuinua kichwa. Alijibu kwamba mfuko ni mali, na tena ukitaka kujua nyumba imepata nini mwaka huu usiwaulize wenyewe, watu wana midomo. Angalia walichoanika.

Binti aliyekuwa akimmiminia maji siku ile sasa alikuwa Sajenti Tecla Bizimana, mpelelezi wa polisi Biharamulo. Jumatatu hiyo, saa mbili asubuhi, alisimama mbele ya meza ya mkuu wake, Inspekta Shilinde. Juu ya meza lilikuwapo jalada moja jembamba.

"Hili limeiva, Sajenti," Shilinde alisema. "Wazee kumi na tisa wa kitongoji cha Nyakashozi, kata ya Runazi. Kila mmoja kwenye orodha ya serikali amechukua mifuko sita ya mbolea ya ruzuku. Jumla?"

"Mia moja na kumi na nne, afande."

"Na mashine ya wakala inasema mifuko yote imetolewa kwa dole gumba moja. Dole la Deodata. Wazee wanasema hawajaona hata punje. Wewe unataka nini tena, malaika ashuke?"

"Nataka kujua mifuko iko wapi."

"Imeuzwa."

"Kwa nani?"

Shilinde alitazama saa ya ukutani. "Gari la Bukoba linaondoka saa kumi jioni. Hilo ni kosa la uhujumu uchumi, halisikilizwi hapa kwetu. Mama huyo ataondoka nalo, na akishafika huko dhamana si ya kukimbilia. Kama una swali, lina saa nane za kuishi."

Tecla alichukua jalada akatoka.

Deodata aliletwa kutoka mahabusu akiwa peku, kitambaa cha kichwa kimechukuliwa, maana taratibu haziruhusu kitambaa. Alikuwa mama wa miaka arobaini na nane, mwili wa kazi, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa kitongoji chake. Vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya paja, kimoja baada ya kingine, kama anayehesabu.

"Unahesabu nini, mama?"

"Rozari yangu imebaki pale kaunta, afande. Natumia nilivyoumbwa navyo."

Tecla akamwekea mbele karatasi ya orodha. "Dole hili ni la nani?"

"Langu."

"Kwa wote kumi na tisa?"

"Kwa wote."

Koplo Malongo, aliyekuwa akiandika maelezo pembeni, aliinua kalamu. Malongo alikuwa Msukuma wa miaka hamsini na nane, tumbo limetangulia, amebakiza miezi michache astaafu. "Mama, ukijibu hivyo unanimalizia kazi. Hata wino sijauchovya."

"Nimeulizwa la kweli, nimejibu la kweli," Deodata alisema. "Mwandikishaji alikuja mwezi wa saba na mashine yake. Wazee wakaweka madole, mashine ikakataa. Anafuta kwa kitambaa, inakataa. Anapaka mate, inakataa. Ni watu waliomenya mihogo miaka hamsini, afande, madole yamekuwa laini kama jiwe la kusagia. Yule kijana akasema asiyesomwa haandikwi. Jua linazama, pikipiki yake imewashwa. Nikamwambia, basi weka langu."

"Akakubali?"

"Alikuwa na njaa. Alikubali."

"Na wewe hukuona kwamba umejifunga kamba?"

"Niliona wazee watakosa mbolea. Maandiko yanasema ukitoa sadaka, mkono wa kushoto usijue mkono wa kuume unafanya nini."

"Mkono wa kushoto usijue," Tecla alisema, "lakini polisi lazima wajue. Mbolea ulichukua lini?"

"Jumanne ya pili ya Septemba. Nilikwenda kwa Gidioni, pale dukani Runazi, nikachukua mifuko yangu miwili. Nikaifunga kwenye baiskeli, nikarudi nyumbani."

"Na ya wazee?"

"Aliniambia ya wazee haijafika. Nikawaambia. Waulizeni wenyewe, watawaeleza walivyoniomba." Vidole vikasimama juu ya paja. "Afande, nyumbani nimeacha mama mkwe, haoni. Nani anampa uji?"

Tecla akafunga daftari.

*

Walifika Nyakashozi saa nne na nusu, Malongo akishuka kwenye pikipiki kama anayeshuka ngazi ya mnara. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mashamba yalikuwa tayari, matuta yamesimama, lakini mahindi yaliyokwisha kuota yalikuwa ya njano kama yaliyougua homa. Tecla aliyaona akapita.

Wa kwanza kuwapokea alikuwa jirani wa Deodata, bwana mmoja aitwaye Yohanes, aliyetoka shambani kwake bila kuitwa.

"Mmekuja kwa habari ya yule mama? Mimi sisemi kitu," alisema, akaanza kusema. "Lakini mtu ana macho. Angalieni nyumba ile. Mwezi wa nane ilikuwa na nyasi. Mwezi wa tisa, bati! Mabati kumi na nane, mekundu, yanang'aa hadi kuku wanaogopa. Mjane wa kulima muhogo. Fedha ya mabati inatoka kwenye rozari?"

Malongo alimtazama Tecla kwa jicho la *si nilisema*. Orodha ilionyesha mbolea imetoka mwezi wa tisa. Mabati yamepanda mwezi wa tisa.

Tecla aliomba ngazi. Yohanes akaileta mbio, tena akaishika mwenyewe. Sajenti alipanda mpaka kwenye ukingo wa paa, akapitisha kiganja juu ya bati la kwanza, la pili, la tatu. Akakwaruza rangi kwa ukucha. Kisha akaita kutoka juu.

"Bwana Yohanes, bati jipya linapigiliwa mara ngapi?"

"Mara moja. Kwani vipi?"

"Haya yana matundu ya misumari mara mbili. Ya zamani yamezibwa kwa lami, yakapigwa rangi juu. Yametoka kwenye paa gani haya?"

Yohanes aliachia ngazi kidogo, halafu akaikamata tena. "Labda... yalikuwa ya kigango cha zamani, kanisa letu dogo. Kigango kiliezekwa upya."

"Labda?"

"Jumuiya walimpa. Kwa sababu ya mama mkwe, alikuwa ananyeshewa."

"Ulikuwapo wakati wanampa?"

"Nilikuwa fundi," Yohanes alisema kwa sauti ndogo.

Malongo alicheka mpaka akakohoa. "Umpigilie misumari mwenyewe, halafu umchongee kwa polisi! Wewe ungezaliwa kwetu Usukumani tungekupa ng'ombe uchunge, usipate muda wa kuongea."

Kutoka hapo Tecla hakwenda kuuliza mtu chochote. Alipita nyumba hadi nyumba ya wale kumi na tisa, akisalimu, "Shikamoo bibi, shikamoo babu," na macho yake yakifanya kazi nyingine. Aliangalia kilichotandikwa chini ya mihogo iliyovundikwa na kuanikwa. Aliangalia mlango wa choo, ukuta wa bafu, kifuniko cha kisima, godoro la mtoto, tundu la kuku. Nyumba ambayo mbolea imeingia haiwezi kuficha. Mfuko mtupu hautupwi Biharamulo, wala Ngara; unafuliwa, unapasuliwa, unashonwa, unakufa ukiwa na miaka minne.

Alipata viroba vya saruji, alipata vya unga, alipata vya mbolea ya miaka iliyopita, maandishi yake yamefifia hadi hayasomeki. Vya mwaka huu, vyenye nembo ya ruzuku na alama nyeusi ya miraba ya kukaguliwa kwa simu, hakupata hata kimoja. Nyumbani kwa Deodata alipata viwili. Vimefuliwa, vimetandikwa chini ya kitanda cha mama mkwe.

"Viwili," alimwambia Malongo. "Vyake mwenyewe."

"Afande, mimi si wa kukupinga, lakini hapo umesafisha kitongoji, hujamsafisha yeye. Anaweza kuwa aliiuza njiani, mifuko ikaenda na mnunuzi."

"Sawa. Wewe kabla ya upolisi ulikuwa nani?"

"Mbeba mizigo kwenye kiwanda cha pamba. Mgongo huu unaouona haukuzaliwa hivi."

"Soma hapa safu ya saa."

Malongo aliivuta miwani. Mfuko wa kwanza kwenye orodha ulitoka saa nne na dakika kumi. Wa mwisho, saa nne na dakika thelathini na nane. Katika maelezo yake, wakala Gidioni alikuwa amesema Deodata alikuja na Fuso nyeupe, namba hakuisoma, vibarua wawili, wakapakia yote wakaondoka muda uleule.

Malongo alihesabu midomo ikitembea. "Mia moja na kumi na nne, kilo hamsini hamsini, watu wawili... Dakika ishirini na nane? Hao si vibarua, hao ni mashetani. Ni saa nzima na zaidi, na mmoja wao amelala chini anaomba maji."

"Basi sasa twende kwa wazee."

*

Wazee walikuwa wamekusanyika kwa mzee Leonidasi, kwenye ua uliofagiliwa ukaacha mistari. Walikuwa tisa, waliobaki walikuwa wagonjwa au wameenda zahanati. Walikaa kama watu wanaosubiri mazishi ya mtu ambaye hawakuelewana naye.

"Mzee, Deodata alikuazima dole lake?" Tecla aliuliza.

"Hapana," Leonidasi alijibu, haraka mno. "Mimi niliweka langu. Mashine ikasoma. Mbolea sijaiona."

"Dole lako mwenyewe?"

"Langu mwenyewe. Mungu ananiona."

"Anakuona," Tecla alisema. "Nitaandika."

Aliandika kwa mwandiko wa pole, akamsomea neno kwa neno, kisha akafungua kidau cha wino. Leonidasi hakujua kusaini. Alichovya dole gumba, akalikandamiza chini ya maelezo yake. Tecla alilitazama lile doa, akapuliza likauke, akafungua ukurasa mwingine.

Wa pili alikataa hivyohivyo, kwa maneno yaleyale. Wa tatu pia. Maneno yalifanana kama visahani vya seti moja: *niliweka langu, mashine ikasoma, mbolea sijaiona.* Mpaka alipofika kwa bibi Eustakia, mama mfupi mwenye miaka themanini, aliyekuwa akimenya mihogo huku wengine wakihojiwa, maana mvua haisubiri polisi.

"Na wewe bibi uliweka lako?"

Eustakia aliendelea kumenya. "Waliosema wamesema."

"Mimi nakuuliza wewe."

"Niandikie kama wao."

"Siwezi kuandika usilosema."

"Basi niliweka langu," Eustakia alisema, akaweka kisu chini kwa kishindo. "Umefurahi?"

Alichovya dole, akalikandamiza. Tecla akakusanya karatasi zote tisa, akazipanga chini kwenye mkeka, moja baada ya nyingine. Kisha akachovya dole lake mwenyewe, akalikandamiza kwenye karatasi tupu, akaiweka mwisho wa mstari.

"Njooni muone."

Waliinama. Kwenye karatasi ya mwisho mistari ilizunguka kama njia za mchwa. Kwenye zile tisa hapakuwa na mstari hata mmoja. Madoa meusi matupu, kama mtu aliyekanyaga kwa kisigino.

"Mimi nikiwa na macho yangu haya siwezi kuyasoma madole yenu," Tecla alisema. "Mashine iliyasomaje?"

Jogoo akapita katikati yao. Malongo aliyaangalia madoa, akamwangalia Tecla, akavua kofia.

"Kila mmoja wenu amesema uongo," Tecla aliendelea, hakupandisha sauti, "na kila mmoja amesaini kweli. Sasa mniambie aliyewafundisha hayo maneno. Watu tisa hawawezi kukosea kwa namna moja."

Leonidasi alikuwa akisugua wino kwenye suruali. "Tungefanyaje, mwanangu? Tuliambiwa atakayekiri kuazima dole amedanganya serikali. Atafungwa naye, na jina linakatwa kwenye orodha maisha yake yote. Mimi na umri huu nifungwe?"

"Mliambiwa na nani?"

Leonidasi akamtazama Eustakia, na Eustakia akatazama rundo la mihogo. Ndipo bibi akainuka, polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Gidioni," alisema. "Alikuja jana, baada ya ibada. Alikuja na sukari, kilo moja moja kila nyumba. Mimi nimeipokea. Nimeinywa kwenye chai. Na yule mama ndiye aliyeniogesha nilipovunjika nyonga, miezi mitatu, kama mtoto." Akageuka kwa wenzake. "Nyinyi nyamazeni. Mimi nina miaka themanini, gereza litanifanya nini? Andika, binti. Dole ni lake, tulimwomba sisi wenyewe, tulimshukuru, na tumemsaliti kwa sukari."

Malongo alinyoosha mkono kuchukua yale maelezo ya kwanza. "Haya tuyachane, afande?"

"Hayachanwi. Yanabaki yalivyo, na saa yake. Chini yake tunaandika mengine."

Iliwachukua mpaka saa saba kumaliza. Hapo Tecla alisogea pembeni, kwenye kichuguu ambako simu hukamata, akapiga kituoni. Askari wa zamu akamwekea Deodata simu sikioni.

"Mama, Jumanne ile dukani. Uliweka dole mara ngapi?"

"Mara nyingi, afande. Mashine ilikuwa haisomi."

"Nani alisema haisomi?"

"Gidioni. Nikiweka anasema, 'Haijasoma mama, futa, weka tena.' Nafuta, naweka. 'Haijasoma, weka tena.' Nikasema labda na langu limeanza kuisha."

"Mara nyingi ni ngapi? Kumi? Thelathini?"

"Ishirini."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa nasali. Kila nikiweka, Salamu Maria moja, ili isome. Nilimaliza kumi la kwanza, nikamaliza na la pili, ndipo akasema, 'Haya, imesoma.' Nikasema Atukuzwe Baba, nikachukua mifuko yangu."

Tecla alikuwa ameishika orodha kwa mkono mwingine. Wazee kumi na tisa. Na Deodata mwenyewe, ishirini.

"Na mashine, ulipokuwa ukiweka, ilikuwa kimya?"

"Hapana. Ililia. Tii. Kila mara tii moja."

*

Duka la Gidioni lilikuwa pale kwenye makutano ya barabara ya Runazi, limeandikwa ubaoni kwa rangi ya kijani *Mkulima Hachoki*. Upande mmoja pembejeo, upande mwingine chumvi, sabuni na maharage. Gidioni mwenyewe alikuwa mtu wa miaka arobaini, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Mke wake, Agness, alikuwa naye nyuma ya kaunta, akipima maharage kwenye mzani, hajageuka.

"Karibuni afande, karibuni! Mzee Malongo, soda? Jua hili la baada ya mvua si mchezo."

"Soda yako nitaikumbuka," Malongo alisema, akakaa juu ya gunia la chumvi kana kwamba amelinunua.

"Sisi watu wa karatasi, mashine hatuzijui," Tecla alisema. "Nionyeshe inavyofanya kazi, nimalizie maelezo yangu."

Gidioni aliitoa kwa fahari, kadude kadogo kama simu nene. "Hapa unaingiza namba ya mkulima. Hapa anaweka dole. Likisoma, taa ya kijani, inalia mara moja, tii. Imemalizika, hesabu imeshaenda serikalini. Likikataa, taa nyekundu, inalia mara mbili. Haiwezi kudanganya hii, afande. Mtu anadanganya, mashine haidanganyi."

"Kwa hiyo ikilia mara moja, imesoma."

"Imesoma."

"Nimeandika hivyo. Na taa mkulima anaiona?"

"Hapana, taa iko upande wangu huku."

Malongo alikuwa akiandika. Kalamu yake ilisikika.

"Deodata aliweka dole mara ishirini," Tecla alisema. "Kila mara ililia mara moja. Kila mara ulimwambia haijasoma. Ulikuwa na namba za wazee kwenye karatasi, unaingiza moja, anaweka. Unaingiza nyingine, anaweka. Dakika ishirini na nane. Aliondoka na mifuko miwili kwenye baiskeli, na Fuso nyeupe haikuwapo. Ile mia moja na kumi na nne ilibaki kwako."

Gidioni alitabasamu, lakini tabasamu lilichelewa. "Afande, hayo ni maneno ya mtuhumiwa. Atasema nini kingine?"

"Wazee nao wameandika. Na habari ya sukari yako imeandikwa."

"Wazee! Asubuhi wamesema hivi, mchana vile. Hakimu atawaamini lini? Sukari ni huruma yangu, tena na mimi ni Mkristo." Alianza kupata nguvu. "Nani alikuwepo siku ile? Mimi na yeye. Neno langu na neno lake. Yeye ana dole kwenye orodha mara ishirini, mimi nina leseni. Mchukueni mwizi wenu Bukoba, mniache niuze."

Saa ya duka ilikuwa saa nane na robo. Tecla alifunga kidau cha wino. Neno la mtu na neno la mtu. Shilinde angesema hivyohivyo. Aliikunja orodha mara mbili.

Mzani wa maharage uligonga kaunta.

"Si kweli kwamba mlikuwa wawili," Agness alisema.

Bado hakuwa amegeuka. Mikono yake ilikuwa ndani ya maharage hadi kwenye kiwiko.

"Mama Clever," mumewe alisema, "pima maharage."

"Nilikuwepo. Alisimama muda mrefu, nikamletea kigoda. Nilimuuliza, 'Dada Deo, mashine imekuwaje leo?' Akaniambia mwombee isome. Nilisimama pale nikamwombea." Alitoa mikono, akaifuta kwenye kanga taratibu, kidole kimoja kimoja. "Na mimi nilikuwa upande huu wa kaunta. Niliiona taa. Ilikuwa ya kijani, Gidioni. Kila mara. Nikadhani mashine ndiyo mbovu. Mpaka jana uliponituma nipime sukari kilo kumi na tisa."

"Wewe mwanamke una wazimu! Afande, mke hawezi kumshitaki mume wake, hata sheria inakataa!"

"Sheria haimlazimishi," Tecla alisema. "Wala haimfungi mdomo. Ni hiari yake." Akafungua ukurasa mpya. "Mama, utaandikisha?"

Agness aliivuta karatasi akaisoma ilivyo tupu, kama inayoweza kumwambia kitu. Kisha akachukua kalamu mkononi mwa Malongo. Hakungoja aandikiwe. Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za darasa la saba, mistari sita, mumewe akimwita kwanza kwa hasira, halafu kwa jina la mtoto wao, halafu kwa jina lake la usichana, polepole. Aliweka tarehe. Alisaini jina lake lote.

Malongo alikuwa ameshasimama mlangoni, simu sikioni, akiwaambia Biharamulo lile gari la Bukoba lisiondoke na yule mama.

Agness alifungua droo, akatoa kitabu chake cha sala na shuka lake la kujitanda. Alizunguka kaunta. Gidioni alinyoosha mkono kumzuia, mkono ukabaki hewani, kwa sababu alimpita kama anavyopitwa mtu asiyejulikana njiani. Akakanyaga kizingiti, akatoka nje kwenye jua, akashika njia ya Nyakashozi, kwenda nyumbani kwa Deodata.